Alhamisi za Mama

Waikōmako, 6 Septemba

Mihiata,

Naandika kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikukatia mimi, kabla ya hapo ulinikatia wewe, na anayefaidi ni kampuni ya simu. Barua haikatiki. Ukikasirika unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshaisoma.

Nasikia hongera ni zako. Habari ilivuka mlima kabla ya gari la maziwa: Wakfu wa Mkono Wazi umewapa klabu yenu ngalawa mpya ya mashindano, viti sita, mrengu mwepesi, na makafi juu. Nasikia ni nyekundu. Basi hongera. Neno hilo nilijaribu kuliandika kwenye karatasi nyingine kwanza, nione kama linaweza kutoka bila kukunja uso.

Sisi pia tuliomba. Jibu letu lilikuwa fupi kama risiti: wakfu hugawa faida ya mashine zake za kamari kwa vikundi vya mahali zilipo mashine hizo, Waikōmako hakuna mashine, tunawatakia kila la heri. Heri gani? Wasichana wangu sita wanafanya mazoezi kwenye ile ngalawa ya bluu iliyopasuka ubavuni. Nimeiziba kwa gundi na kipande cha ndoo. Wakifika katikati ya mto mmoja anaacha kafi na kuanza kuchota maji kwa kopo la aiskrimu. Mashindano ya ziwani ni Januari, na wakaguzi hawapitishi chombo kinachovuja. Bila ngalawa wasichana hawa hawaendi, na wawili kati yao mashindano yatakayofuata yatawakuta wameshapita umri.

Kwa hiyo nakuomba, na unajua neno hilo lilivyo zito mdomoni mwangu. Ile ngalawa yenu ya zamani, ya kijani, sasa mtaiweka nyuma ya banda iote nyasi. Tuazimeni.

Mama hajambo. Salamu zake sikuandikii, nadhani unazipata mwenyewe.

Dada yako,
Te Paea

*

Ōhuanui, 13 Septemba

Dada Te Paea,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata buti za kiwandani sijavua. Mwanzoni nilicheka. Sikucheka mpaka mwisho.

Hebu tukumbushane. Nani alizunguka Waikōmako nyumba kwa nyumba akikusanya sahihi ili mashine ziondolewe kwenye baa yenu? Nani alisimama mbele ya halmashauri amevaa nyeusi kama mwenye msiba, akasema kila mashine iliyo pale imekula chakula cha mtoto wa mtu? Ulipigiwa makofi, dada. Mashine zikaondoka, baa ikafa, mkaimba. Na mimi najua kwa nini ulifanya. Mumeo Matiu alikula pesa za nyumba yenu kwenye mashine zile kisha akakimbilia ng'ambo, Perth, na nilikulilia wewe kuliko nilivyowahi kujililia mwenyewe. Lakini umemfukuza ng'ombe, na sasa unakuja na ndoo.

Ile ya kijani hatuwezi kuitoa. Klabu yangu inakua, wasichana ni wengi, tunahitaji vyombo vyote viwili.

Na kwa nini ngalawa yangu ikuume hivyo? Wewe una kila kitu kingine. Una Mama. Baba alipofariki nilimwandalia chumba, nikakipaka rangi ya manjano kwa sababu alisema anaipenda, nikamnunulia hata kile kiti cha kunyanyuka chenyewe. Akachagua kwako. Sikusema neno. Lile jiwe la kaburi la Baba, ambalo lilitakiwa kufunuliwa rasmi mbele ya ukoo mwaka jana Pasaka, mmeahirisha, mmeahirisha tena, na mimi sijaambiwa sababu, kama vile marehemu alikuwa baba yako peke yako. Sikusema neno. Safari hii kitu kizuri kimekuja upande wangu wa mlima. Niachie nikifurahie.

Alhamisi ijayo tunakabidhiwa hundi ya ngalawa pale kwenye baa yetu, Paa Mweupe, na mwandishi wa gazeti atakuwepo.

Mdogo wako,
Mihiata

*

Waikōmako, 23 Septemba

Mihiata,

Nilisema sitajibu. Nimefua, nimekanda mkate, nimekata nyasi mpaka za jirani, na bado barua yako inanichoma, kwa hiyo najibu.

Klabu yako inakua. Vizuri. Sasa niambie pesa zinazoilisha zinatoka wapi. Unadhani watu wa Ōhuanui peke yao wanaweza kuzijaza mashine za Paa Mweupe? Njoo usimame hapa kwenye daraja letu jioni ya siku ya mshahara uone magari. Fundi wetu wa matairi anavuka. Yule mwalimu aliyestaafu anavuka. Mke wa mwenye duka anavuka na kurudi na kioo amekishusha, analia njiani ili akifika nyumbani uso uwe mkavu. Wakfu unachukua faida, unaigawa pale mashine zilipo, ninyi mnapiga picha. Jasho linatoka upande huu, ngalawa inaelea upande huo. Nilidhani nimezifukuza mashine. Kumbe nimezisogeza tu zikawe karibu na wewe.

Lakini sikukaa kuandika kwa ajili ya mashine. Nimekaa kwa ajili ya hilo neno lako, kwamba nina Mama.

Nina Mama, ndiyo. Nina Mama wa kandambili na sweta lililotoboka kiwiko. Nina dawa zake, miguu yake ya kukanda, na redio yake inayopiga kelele tangu alfajiri. Halafu inafika Alhamisi. Anapaka manukato. Anavaa hereni za jiwe la jade alizopewa na Baba. Anachukua mkoba wa kitani niliousuka mimi kwa mikono yangu, wenye ukingo mweusi, anawasha gari na kuvuka mlima kuja kwako. Anarudi giza limeshaingia, ameshiba, hana maneno. Ninaweka mikunga ya moshi na viazi vitamu, anasema hapana mwanangu, nimekula kwa Mihi. Nafunika sahani.

Unampikia nini, Mihi? Unamwambia nini hata akose hamu ya kuongea na mimi? Mimi nina siku sita za kufua na wewe una moja ya manukato, halafu unaniambia mimi ndiye mwenye Mama. Naona wivu. Haya, nimeliandika, limetoka. Siionei ngalawa. Nakuonea wewe.

Kuhusu jiwe la Baba, muulize yeye mwenyewe mkiwa mnakula. Mimi kila nikimuuliza anasema bado, fundi anachelewesha.

Te Paea

*

Ōhuanui, 24 Septemba

Dada,

Sijapata jibu lako na sisubiri. Nakuletea kipande cha gazeti ili uone. Yule mwenye blauzi ya maua upande wa kulia wa hundi ni mimi, kama umesahau ninavyofanana. Hundi ni ya kadibodi, ndefu kuliko meza yangu ya jikoni, na Bwana Purdie mwenye baa aling'ang'ania tupige picha palepale ndani, karibu na chumba cha mashine, ili jina la wakfu lionekane ukutani. Wasichana walivaa sare. Tulikula soseji na keki.

Mwonyeshe Mama picha hiyo, maana hakuja. Nilimwalika kwa simu, nikamwalika tena. Akasema Alhamisi hawezi, Te Paea ana haja naye Alhamisi zote, hampi nafasi hata ya kupumua. Nikamwambia ni saa moja tu, Mama, maisha yangu yote sijawahi kupewa kitu mbele za watu. Akasema pole mwanangu, unamjua dada yako.

Nakujua. Nilimwekea kiti cha mbele, Purdie akaishia kutundika koti lake hapo. Yaani ulishindwa kumwachia siku moja? Unaogopa nini, kwamba akikiona kile chumba cha manjano hatarudi? Sikiliza, mimi pia naona wivu, nimechoka kujifanya. Namwonea wivu mpaka paka wako kwa kulala miguuni pake.

Sina zaidi.

Mihiata

*

Waikōmako, 27 Septemba

Mihi,

Tulia kwanza. Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama hakuwa na mimi Alhamisi ile. Hakuwa na mimi Alhamisi yoyote. Kila Alhamisi alikuwa kwako; ndivyo alivyoniambia, na barua yangu ambayo nadhani imepishana na yako njiani inasema hivyo hivyo.

Picha yako niliiweka mezani na miwani, nitafute dosari. Nakwambia ukweli nilitaka nione blauzi imekubana au wasichana wako wamenuna. Nilikukagua wewe wee, kisha hundi, kisha pazia la nyuma. Tazama na wewe. Kushoto, pale pazia la chumba cha mashine halikufungwa vizuri. Kuna mguu wa kiti kirefu. Chini ya kiti kuna mkoba wa kitani wenye ukingo mweusi. Hakuna mwingine duniani. Kona moja niliikosea nikaifumua na kuirudia, na kona hiyo inaonekana.

Alikuwa nyuma yako, Mihi, wakati unatabasamu.

Sijamwambia kitu. Yuko sebuleni anacheka na redio. Alhamisi ijayo nitamwacha aende kama kawaida. Ingia wewe. Mimi mlango wa chumba kile niliapa siku Matiu alipoondoka kwamba sitaukanyaga, na nikiukanyaga nitavunja kitu.

Te Paea

*

Ōhuanui, 4 Oktoba

Dada yangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Niliomba ruhusa kiwandani, nikaenda.

Gari lake lilikuwa limefichwa nyuma ya karakana ya matairi ya huku kwetu, ndiyo maana sikuwahi kuliona. Nikapita kaunta. Purdie akaniona usoni, akaacha kufuta bilauri. "Nilidhani unajua," akasema. "Huyu mama yuko hapa tangu baridi ya mwaka juzi. Nilidhani mnakuja kwa zamu kumchukua." Nikafungua pazia.

Hakugeuka. Akasema, "Funga hilo pazia, mwanga unaniumiza." Nikafunga. Nikakaa kiti cha pembeni. Hereni za jade, manukato, kila kitu kama ulivyosema. Mkono wake ulikuwa unabonyeza tu, wala haangalii picha zinazozunguka. Baadaye ndipo akaniona kwenye kioo cha mashine.

"Mihi," akasema. "Umekula?"

Te Paea, nililia kama mtoto. Nikamwambia, "Mama, nyumba yangu iko mtaa wa pili! Siku ile nilikuwa nimesimama hapo na lile likadibodi, ulinisikia nikitoa hotuba?" Akasema, "Nilikusikia. Ulisema vizuri. Uliwasahau waliopika keki." Nikamuuliza kwa nini hakutoka. Akasema atanijibu akiwa tayari. Nikamuuliza ni wewe umemkosea au ni mimi. Hapo akachukua mkoba wake, akasimama, akasema, "Umeanza," akaenda zake kwenye gari.

Nimeanza nini? Sijui mpaka sasa.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwenye banda, nikaitazama ile ngalawa. Ni nzuri, dada, inang'aa, na ubavuni wana kibandiko chao, ule mkono uliofunguliwa. Niliigusa nikarudisha mkono haraka.

Na kuna kitu nilikuficha. Klabu haikui. Wakubwa wameenda Auckland kutafuta kazi, wadogo wamehamia mpira wa wavu. Nina wasichana wanne. Niliomba ngalawa nikidhani ikija nyekundu na mpya watarudi, na hawakurudi. Nina ngalawa ya viti sita na viti viwili vitupu, na siku ya hundi nilivalisha sare binti wa jirani na mwenzake ili picha ijae. Wewe una wasichana sita wanaochota maji kwa kopo na hakuna anayeondoka. Hicho ndicho kilichonifanya nikunyime ile ya kijani. Nilitaka na wewe ukose kitu.

Chukua ile nyekundu. Nitawaandikia wakfu kuwaeleza, wanajali tu iwe ni ya klabu na itumike kwa watoto. Chukua, mwende ziwani.

Mihi

*

Waikōmako, 9 Oktoba

Mihi,

Siitaki.

Unataka niwakalishe wasichana juu ya mgongo wa Mama na kuwaambia pigeni kafi? Wenye ule mkono ubavuni, mkono ulioingia ndani ya mkoba niliousuka mimi? Nitakuwa nimesema nini mbele ya halmashauri, nimevaa nyeusi ya nini? Afadhali tubaki nyumbani na kopo letu.

Na usijitie utakatifu kwa sababu ulilia. Amekuwa mtaa wa pili kutoka kwako tangu baridi ya mwaka juzi na hukunusa. Mji wenu una barabara moja!

Nimeisoma tena sentensi hiyo na najua utakachojibu: kwamba anaishi nyumbani kwangu na mimi ndiye niliyekuwa nafunika sahani bila kuuliza. Basi usijibu.

Ulikaa naye kwa muda gani pale kwenye kiti? Ona nilivyo. Hata hapo, mbele ya mashine ile, ninachouliza ni ulikaa naye kwa muda gani, na kama alikushika mkono.

Ninataka akae hapa, asitoke Alhamisi. Funguo za gari nimezificha kwenye pipa la unga. Wewe unataka aje kwako, najua, umeshaanza kutandika kitanda. Hapana. Mimi ndiye ninayejua mashine zinavyofanya mtu, nimeishi na Matiu. Wewe umeishi na sare na keki.

Mama yuko jikoni. Anamenya viazi, anakunja nguo. Jioni anakaa mezani anaandika kitu, na nikipita anakifunika kwa kiganja.

Te Paea

*

Waikōmako, 14 Oktoba

Te Paea na Mihiata, wanangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, kila mmoja apate yake kwa posta. Nikiandika moja mtagombania bahasha.

Nilidanganya. Wewe Te Paea nilikwambia naenda kwa Mihi. Wewe Mihi nilikwambia Te Paea hanipi nafasi. Mliamini mara moja, wote wawili, hata sikuhitaji kupamba. Uongo wenyewe mlikuwa mmeshauandaa, mimi niliuokota tu.

Alhamisi ya kwanza nilikuwa nakuja kwa Mihi kwelikweli. Nilifika getini. Nikakumbuka kwamba nikiingia nitaulizwa Te Paea ananilaza wapi, ananilisha nini, amesema nini. Nikirudi nitaulizwa Mihi kapika nini na nyumba yake ina rangi gani. Maswali hayo nimeyajibu tangu mkiwa mnagawana yai moja na kulipima kwa uzi. Nilikuwa nimetoka kumzika mume wangu na sikuwa na nguvu ya kulipima yai tena. Nikageuza gari. Taa za Paa Mweupe zilikuwa zinawaka mchana. Nikakaa mbele ya mashine. Ilinilia pesa, lakini haikuniuliza nani nampenda zaidi.

Sisemi mmenituma. Mkono uliobonyeza ni wangu. Mkitaka kulia, lieni kwa hili nitakaloandika sasa: hakuna fundi aliyechelewesha jiwe. Pesa za jiwe la baba yenu, alizoziweka mwenyewe ili asitupe usumbufu, zimekwenda zote kwenye ile mashine ya pembeni. Nilikuwa nikirudi kila Alhamisi kuzitafuta. Wengine wanaokuja pale pia kila mmoja ana kitu chake anakitafuta, na tunajifanya hatuonani.

Kwa hiyo Te Paea, unaposema huitaki ngalawa ile, unasema kama vile ni ya Mihi au ya wale wenye hundi. Ni yangu. Nusu ya mbele angalau, mpaka kiti cha tatu. Jiwe la baba yenu linaelea mtoni, lina viti sita na mrengu, na mimi sitakubali lioze ndani ya banda kwa sababu ya kiburi cha mtu.

Nimeshaenda kwa Purdie, funguo niliziona kwenye unga siku ileile, nani anaficha kitu kwenye unga kwa mtu anayekanda mkate? Nimempa picha yangu aiweke nyuma ya kaunta, nikija anizuie, ndivyo inavyofanywa mtu akitaka mwenyewe. Mihi yuko gazetini, mimi niko kaunta, imebaki zamu ya Te Paea. Siahidi makubwa. Naahidi Alhamisi moja, halafu tutaona ile ya pili.

Sasa nasema nami ninachotaka. Wasichana wa Te Paea ni sita, wa Mihi ni wanne, viti ni sita. Wote wafanye mazoezi pamoja, Alhamisi jioni, kwenye maji ya upande wa Mihi kwa sababu ndiko kuna banda. Nitakaa ukingoni na kiti changu. Nani anakaa na nani anasubiri nitasema mimi, kwa kutazama anavyovuta kafi. Msipige kura, mambo ya bahati nimeyaacha. Atakayenung'unika kwamba upande fulani umependelewa nitamrudisha nyumbani, na hilo linawahusu zaidi ninyi wawili kuliko watoto.

Ngalawa haijapewa jina na padri atakayeibariki anauliza aiombee kwa jina gani. Msiipe jina la baba yenu, hakupenda kamari wala maji. Iandikwe Taite, Alhamisi kwa Kimaori tulichoongea mlipokuwa wadogo. Mimi ndiye nitakayejua kwa nini, na ninyi.

Jiwe tutalinunua polepole, sisi watatu, kwa mikate na chochote. Siku ya kulifunua mtasimama kushoto na kulia kwangu, na sitaki kuona mmoja akipima nani yuko karibu.

Mama yenu,
Hūria

*

Waikōmako, 18 Oktoba

Mihi,

Barua yako ya Mama imefika? Ina kurasa tatu? Nitumie nione kama ni sawa na yangu.

Hapana, usinitumie. Nimejisikia nilivyo.

Alhamisi nitakuja na wasichana kwenye lori la mwenye duka, na Mama mbele, na kiti chake nyuma. Nitaleta mkate wa kukaanga na mikunga. Kile kibandiko cha mkono kiacheni, nimefikiria, watu waone zinakotoka ngalawa. Lakini jina liandikwe kubwa kuliko mkono.

Sitamuuliza Mama kama mkate wako ni laini kuliko wangu. Nimejizoeza tangu asubuhi.

Te Paea

*

Ōhuanui, 21 Oktoba

Dada,

Zina kurasa tatu. Nilikuwa naandika kukuuliza hilohilo.

Chai nitaipika mtoni, mkate sioki, lete wako. Kiti cha kunyanyuka chenyewe hakiwezi kufika ukingoni, nimepima, kwa hiyo atakaa kwenye cha kwake.

Fundi wa herufi alikuja leo na rangi nyeupe. Ameandika TAITE ubavuni, kubwa, inameza ule mkono. Alipomaliza akarudi nyuma, akavua kofia kwa heshima, akaniuliza huyo Taite ni babu yetu yupi.

Nimemwambia ni wa upande wa Mama.

Mihi